Kloni ipi ya mzabibu kwa zabibu kavu hapa Lubumbashi?

Swali

Jambo Agronome. Ninauza viungo na vitu vya keki kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Zabibu kavu ninazofunga kwenye vifuko vidogo zote zinatoka nje, na nimechoka kuuza kwa bei iliyopangwa na wengine. Nina nusu hekta njia ya Kipushi, yenye kisima. Mtoto wa dada yangu anaishi Afrika Kusini, amepata mtu wa kutuuzia pingili za aina nne: Sultana H5, Sultana M12, Thompson 2A na Merbein Seedless. Muuzaji anasema H5 inazaa kuliko zote, ndiyo maana bei yake iko juu. Je, ni kweli? Nipande ipi?

Jibu

Jambo Mama. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze nimelipataje. Kama pingili hizo hazina cheti kinachoonyesha kwamba mti mama umepimwa virusi, usinunue hata moja. Kama cheti kipo, nunua H5 chache na Merbein Seedless chache, tafuta na aina moja inayoiva mapema, uzipande upande kwa upande. Pesa ya ziada anayoitaka kwa ajili ya herufi na namba ya H5 usimpe. Kwa hali ya hewa yetu, tofauti kati ya H5 na M12 ni ndogo mno ukiilinganisha na tofauti kati ya kuvuna tarehe 20 Septemba na kuvuna tarehe 20 Oktoba.

Tuanze na majina, kwa sababu muuzaji amekuchanganya, labda bila kukusudia. Matatu kati ya yale manne ni mzabibu mmoja. Sultana na Thompson Seedless ni kitu kimoja: zabibu nyeupe ndogo isiyo na mbegu, ya zamani sana, inayolimwa Uturuki upande wa Manisa, na ambayo Iran na Asia ya Kati huiita Kishmish. Jina la Thompson lilitokana na William Thompson, mkulima wa California aliyeipanda karibu na Yuba City miaka ya 1870. Baadaye Bonde la San Joaquin, kuzunguka Fresno, likageuka kuwa kiwanda cha zabibu kavu cha dunia, na jina la mkulima likasafiri na pingili. Basi H5, M12 na 2A ni kloni tatu za aina moja. Merbein Seedless ni aina nyingine kabisa. Ilizalishwa Australia kwa kuchavusha, na Sultana ni mmoja wa wazazi wake.

Kloni ni nini? Fikiria mihogo ya shamba lako. Huipandi kwa mbegu. Unakata kipande cha mti, unakifukia, na mti unaoota ni ule ule wa jana. Mzabibu ni hivyo hivyo. Kloni ni ukoo wote uliotokana na mti mama mmoja kwa njia ya pingili. Lakini wewe unajua vizuri kwamba mihogo ya jirani na ya kwako, hata ikiwa na jina moja, yaweza kuzaa tofauti, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni mabadiliko madogo yanayotokea ndani ya mti wenyewe miaka inavyopita, kisha yanarithiwa na kila kipande. Ya pili ni ugonjwa unaosafiri ndani ya kipande. Ile batobato ya mihogo, inayokunja majani na kuyatia madoa ya njano, haiji kwa uchawi: inaletwa na nzi weupe, na sisi wenyewe tunaibeba begani pamoja na fungu la vipande. Mzabibu nao una batobato zake.

Sababu ya kwanza ni ya kweli, siwezi kuipuuza. Katika miaka ya 1960 watafiti wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, kule Merbein, jimbo la Victoria, walionyesha kwamba ukichukua pingili kwenye Sultana inayozaa sana na kwenye Sultana inayozaa kidogo, tofauti hiyo inaendelea kwa watoto wake. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyotupa machaguo kama H5 na M12. 2A ni chaguo la California, linalotunzwa na Chuo Kikuu cha California kule Davis, na limeenea sana kwenye mashamba ya zabibu kavu. Kwa hiyo muuzaji hasemi uongo anaposema H5 ni mzazi mzuri. Anachosahau kusema ni kwamba ilipimwa chini ya jua la Mto Murray wa huko Australia, mahali ambapo majira ya kukua ni makavu na anga ni wazi karibu kila siku.

Sababu ya pili ndiyo inayoumiza watu. Virusi vya kukunja majani ya mzabibu huchelewesha kuiva na kupunguza sukari, mwaka hadi mwaka, bila kuua mti. Kwenye zabibu nyekundu utaviona, maana majani hugeuka mekundu huku mishipa ikibaki kijani. Kwenye zabibu nyeupe kama Sultana, jani hujikunja kidogo na kufifia kuelekea njano, na mtu hudhani ni njaa ya mbolea. Vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga kama pamba, hueneza virusi hivyo kutoka mti hadi mti. Basi mtu akilinganisha H5 safi na M12 yenye virusi, atasema H5 ni bora, kumbe amelinganisha mzima na mgonjwa.

Hilo lilinipata mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pingili 200 zenye lebo ya H5 kwa mtu aliyekuwa na sifa nzuri. Mwaka wa tatu, theluthi moja ya miti ilikuwa imesimama kwenye Briksi 16 (Briksi ni kipimo cha sukari kwenye maji ya zabibu) wakati mingine ilikuwa imefika 21, na nilikuwa nimekwisha kuchukua vipande kutoka kwenye ile migonjwa kujazia mapengo. Niling'oa yote. Mpaka leo nikiona lebo nzuri isiyo na karatasi ya maabara, mkono unarudi nyuma. Uliza karatasi hiyo kwanza, Mama, kabla ya kuuliza bei. Virusi huondolewa kwenye maabara kwa kukuza miti ndani ya joto la nyuzi 38 hivi na kuchukua ncha ndogo sana ya chipukizi. Shambani hakuna dawa ya kupulizia itakayoviondoa.

Sasa tuje kwenye jua letu na mvua yetu, maana hapa ndipo ushauri wa vitabu vya nje unapokwama.

Zabibu kavu inataka kitu kimoja kuliko vingine vyote: wiki mbili hadi nne za jua bila mvua baada ya kuvuna. Wale wa California wenyewe, wenye majira makavu kuliko karibu wote, walipigwa na mvua za Septemba mwaka 1976 na mwaka 1978, zabibu zikiwa chini juu ya karatasi, na hasara ilikuwa kubwa mno. Aina ya mapema iitwayo Fiesta walikuwa nayo tayari; baada ya hapo utafiti wao ukakaza mwendo kuelekea aina nyingine zinazoiva mapema, kama DOVine na Selma Pete. Zabibu iliyokauka nusu ikinyeshewa inapasuka, inachacha, na inaota ukungu mweusi unaoweza kuacha sumu iitwayo okratoksini. Hiyo huwezi kuiosha ikatoka.

Lubumbashi tuna takriban milimita 1,200 za mvua, na karibu zote zinashuka kati ya Novemba na Aprili. Ndugu zetu wa Dodoma wana chini ya nusu yake, ndiyo maana wanaweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka: kuanzia Februari, na tena kuanzia Agosti. Sisi mavuno ya masika tuyasahau. Ubwiri chini, ule ugonjwa wa unga mweupe chini ya jani, unahitaji tu mvua ya milimita 10 na joto la zaidi ya nyuzi 10 kwa siku nzima ili uanze, na hapa Januari hali hiyo inarudi wiki baada ya wiki. Mavuno yetu ni moja tu, ya kiangazi, na yanategemea maji ya kisima chako.

Hesabu yake ni hii. Mvua zinakata Aprili. Unapogoa, mzabibu unatoa chipukizi, unapita Juni na Julai zenye usiku wa baridi ambao unaupunguza mwendo, kisha joto la Agosti na Septemba linausukuma kuiva. Kwangu, miti ninayopogoa katikati ya Aprili huwa tayari katikati au mwishoni mwa Septemba. Ile ninayochelewa kuipogoa hadi mwisho wa Mei hunifikisha ndani ya Oktoba, na kuanzia mwisho wa Oktoba kila wingu ni la kuliogopa. Kwa hiyo dirisha letu ni jembamba: kuvuna lazima kuishe mwisho wa Septemba, ili zabibu ziwe zimekauka na kufungwa kabla ya tarehe 20 Oktoba. Kloni inayozaa kilo mbili zaidi lakini inachelewa siku kumi na mbili imekula faida yake yote. Ndiyo maana nimekuambia uongeze aina ya mapema. Fiesta, kwa mfano, huko kwao huitangulia Thompson kwa wiki moja hadi mbili. Kama mtoto wa dada yako anaweza kuipata, au Selma Pete, ningeipa nafasi kabla ya M12.

Kuna jambo lingine, nalo ndilo linalonifanya niwe na shaka na Sultana yoyote ile kwa hapa kwetu, iwe H5 au nyingine.

Macho ya Sultana yaliyo karibu na shina hayazai vizuri. Jicho la kwanza, la pili, la tatu kwenye fimbo, yaani tawi lililokomaa, huota majani matupu. Vichala hutoka kuanzia jicho la nne au la tano kwenda mbele. Kwa hiyo Sultana hupogolewa kwa kuacha fimbo ndefu, zenye macho 10 hadi 15 kila moja. Aina nyingi za divai unaweza kuzikata fupi, macho mawili matatu tu, na zikazaa. Sultana ukiikata hivyo utapata kivuli kizuri cha kukaa chini yake.

Katika nchi za baridi kali fimbo ndefu haina tabu, maana baridi inaamsha macho yote kwa pamoja. Hapa kwetu baridi haitoshi, na inakuja baada ya kupogoa. Fimbo ndefu ikiachwa bila kitu, macho mawili matatu ya nchani huamka na yale ya katikati hulala. Na ya katikati ndiyo yenye mavuno yako! Mimi hukunja fimbo kama upinde na kuifunga kwenye waya ili ncha ishuke chini ya usawa wa shina. Hilo peke yake linaamsha mengi. Wengine hupaka sianamidi ya hidrojeni. Inafanya kazi kweli, lakini ni sumu kali kwa mtu, na anayeitumia akinywa bia siku ile au siku zinazofuata anaweza kuugua vibaya. Nyumbani kwenye watoto nisingeiweka.

Halafu kuna mawingu. Kichala utakachovuna Septemba kilianza kuumbwa ndani ya jicho miezi mingi kabla, wakati fimbo ilipokuwa changa na ya kijani. Wakati huo jicho linahitaji mwanga mwingi na joto. Likikosa, linaamua kuwa mkono wa kujishikia badala ya kichala. Fimbo zako za Aprili zitakuwa zimekua Desemba, Januari na Februari, chini ya anga letu la masika. Kloni iliyosifiwa kwa uzazi chini ya jua la Mto Murray inaweza kuja hapa ikatoa majani tu. Sisemi itakuwa hivyo. Nasema ndilo jambo la kwanza la kupima, na kulipima ni rahisi kuliko unavyodhani.

Fanya hivi, wiki tatu au nne kabla ya kupogoa. Kata fimbo mbili tatu zilizokomaa kutoka kila kloni. Zikate vipande vya jicho moja moja, ukiandika kila kipande kilikuwa jicho la ngapi kutoka shinani. Visimamishe kwenye sinia la mchanga wenye unyevu, au kwenye chupa za maji zilizokatwa, mahali pa joto penye mwanga. Baada ya wiki mbili tatu chipukizi zitatoka, na kichala kichanga utakiona kwa macho yako, kama kifundo kidogo cha kijani chenye chembe chembe. Hesabu: kati ya macho ya nafasi ya kwanza hadi ya nne, mangapi yana kichala? Kati ya yale ya tano hadi ya kumi na mbili, mangapi? Kloni yenye uzazi karibu na shina hapa Lubumbashi ina thamani kubwa, kwa sababu utaweza kuipogoa fupi na macho yataamka bila kuyabembeleza. Jaribio hili halina gharama yoyote zaidi ya vipande ambavyo ungevitupa, na linakuambia mavuno ya mwaka huu kabla hujagusa mkasi.

Hapo tunafika kwenye kipimo chenyewe. Muuzaji amekuambia H5 "inazaa kuliko zote". Kilo za zabibu mbichi, bila shaka. Wewe huuzi zabibu mbichi. Chukua mizabibu miwili. Wa kwanza una kilo 12 zenye Briksi 18, maana yake kila gramu 100 za maji yake zina gramu 18 hivi za sukari na vinginevyo visivyokauka. Wa pili una kilo 10 zenye Briksi 22. Zabibu kavu nzuri hubaki na unyevu wa takriban asilimia 15. Basi wa kwanza utakupa kilo 12 mara 0.18, gawanya kwa 0.85, sawa na kilo 2.5 na ushee. Wa pili, kilo 10 mara 0.22 gawanya kwa 0.85, karibu kilo 2.6. Mzabibu wenye mavuno madogo umekupa zabibu kavu nyingi kidogo, umekupunguzia vikapu vya kubeba, na umekauka haraka zaidi kwa sababu kulikuwa na maji machache ya kuondoa. Tena zabibu yake ni nene na laini. Ile ya Briksi 18 hutoka nyembamba, ngumu, yenye mikunjo mikali, na mteja wako wa keki ataijua mara moja.

Kwa hiyo kipimo chako kiwe kilo za zabibu kavu kwa mti, zilizopatikana kabla ya tarehe uliyoiweka. Mimi naweka 25 Septemba kuwa siku ya kukata, kwa kloni zote, iliyoiva na isiyoiva. Nunua kipima sukari kidogo cha mkononi, kile cha kuchungulia kuelekea mwanga. Ndicho kifaa pekee ambacho nitakusisitizia ukinunue. Kwenye vichala usichague punje nzuri. Chukua punje juu, katikati na chini, upande wa jua na upande wa kivuli, mia moja kutoka kila kloni, uzikamue pamoja. Kabla ya kukamua zipime uzito: punje ya Sultana isiyotiwa homoni huwa kati ya gramu moja na nusu na mbili. Kati ya kloni mbili zenye sukari sawa, yenye punje ndogo itakauka kwanza.

Shamba la majaribio lisiwe kubwa. Tuseme umeongeza M12 zikawa aina nne, miti mitano ya kila aina, ukirudia mara nne sehemu mbalimbali za shamba: jumla miti 80. Kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 2 inachukua mita 480 za mraba, na nusu hekta yako inabaki na nafasi tele. Kurudia mara nne ni muhimu kwa sababu ya ardhi yetu. Njia ya Kipushi kuna vichuguu vikubwa kama nyumba, na udongo wa kichuguu una chokaa nyingi na asidi kidogo kuliko udongo mwekundu unaouzunguka. Mti uliopandwa ubavuni mwa kichuguu utazaa tofauti na ndugu yake aliye hatua kumi mbele, kloni ikiwa ile ile. Ukipanda H5 zote karibu na kichuguu na M12 zote mbali nacho, utakuwa umelinganisha udongo. Chini karibu na dembo, lile bonde lenye majimaji, usipande kabisa. Baridi ya Julai inalala pale.

Na miti yote iwe juu ya shina la chini la aina moja, yaani ile sehemu yenye mizizi ambayo kloni hubebeshwa juu yake. Pingili za kubebeshwa mara nyingi huja na mashina tofauti: Ramsey, Richter 99, Paulsen 1103. Shina la chini linaweza kubadilisha nguvu ya mti kuliko kloni inavyoibadilisha. Ramsey ilipendwa sana Australia kwenye mchanga wenye minyoo fundo, ile midogo inayoshambulia mizizi. Kwenye udongo mzito wenye rutuba inakupa msitu. Muulize muuzaji jambo hili, na kama hajui, hilo nalo ni jibu.

Usitoe hukumu kwa mwaka mmoja. Mavuno ya kwanza ya maana yatakuja mwaka wa pili au wa tatu, na yatasema uongo, kwa sababu mti mchanga una nguvu za ujana. Subiri mavuno matatu. Najua ni muda mrefu kwa mtu mwenye biashara inayosubiri, lakini mzabibu utaishi na wewe miaka thelathini.

Kuhusu Merbein Seedless sina mengi. Inazaa sana na inastahimili mvua kuliko Sultana, ganda lake halipasuki upesi, na kwa mji wenye mawingu ya Oktoba hiyo ni sifa inayofaa kupewa safu. Angalia tu sukari yake, kwa sababu mti unaobeba mzigo mkubwa huchelewa kufika Briksi 20.

Kukausha nitakugusia kwa kifupi, kwa sababu nako kunabadilisha matokeo ya ulinganisho. Usikaushe chini. Vumbi letu jekundu linanata kwenye zabibu na halitoki, na kwako kuna la zaidi: Kipushi ni mji wa zinki na shaba, na Lubumbashi imeishi na moshi wa tanuri za shaba kwa zaidi ya miaka mia moja. Kabla hujapanda chochote, peleka udongo upimwe risasi, kadmiamu na aseniki, na chanja za kukaushia ziwe mbali na barabara, juu, zenye wavu chini na paa jepesi. Waturuki na Waaustralia huchovya vichala kwenye maji yenye kabonati ya potasiamu, gramu 25 hadi 50 hivi kwa lita, pamoja na mafuta kidogo. Nta iliyoko juu ya ganda inafunguka, maji yanatoka haraka, na muda wa kukauka unaweza kupungua kwa nusu, zabibu ikibaki ya rangi ya asali. Zamani kwenye nchi za Bahari ya Kati walitumia maji ya majivu ya kuni, kwa sababu kabonati hiyo hiyo imo humo. Majivu ya makala (mkaa) tunayo ya kutosha. Nimeyajaribu: yanafanya kazi ukiyachuja vizuri kwa kitambaa, ila nguvu yake inabadilika kwa kila gunia, kwa hiyo kwenye miti ya majaribio tumia kabonati ya kupimwa ili kloni zote zichovywe sawa.

Mwisho ni safari ya pingili. Mwambie mtoto wa dada yako asizifiche kwenye begi kati ya nguo. Tunazungumza juu ya mmea uliokwisha kusambaza filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mzabibu, kwenye mizizi ya nusu ya dunia kwa njia hiyo hiyo, na Katanga haina sababu ya kuikaribisha. Aombe cheti cha afya ya mimea huko, na wewe uombe kibali cha kuingiza hapa, kabla hazijapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zikatwe Julai, mizabibu ya kule ikiwa imelala, zifungwe kwenye gazeti lenye unyevu na plastiki, kila fungu na lebo mbili, moja ndani na moja nje. Zikifika Agosti, ziweke kwenye vifuko vya mchanga na mboji chini ya kivuli, uzimwagilie asubuhi. Novemba zitakuwa na mizizi, na mvua za Desemba zikishika ndipo uzitoe shambani. Niandikie wakati huo, nije tupime mistari pamoja kabla hujachimba mashimo.